Mkungu wa Jumamosi

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Machi, saa moja na robo asubuhi. Anga la mji mdogo wa Vicente Noble lilikuwa jeupe bila wingu, na upepo mkavu ulikuwa umeanza kurusha vumbi kutoka upande wa mto. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku arobaini.

Deyanira alikuwa uani akipanga mafiga. Siku hiyo ulitimia mwaka mmoja tangu mumewe, Danilo, afariki. Saa sita majirani wangekuja kusali rozari tatu. Baada ya sala wangekula sancocho, mchuzi mzito wa nyama za kila namna, ndizi mbichi na mizizi, ambao bila huo hakuna sherehe wala msiba unaokwisha. Jioni yeye na mamamkwe wake, Doña Ercilia, wangevua nguo nyeusi. Mwaka wa matanga hufungwa hivyo.

Mtaani kwao sancocho ya namna hiyo ilikuwa na sheria moja. Kila jirani huleta kitu cha kutia chunguni: mwenye magimbi magimbi, mwenye boga boga, asiye na kitu kijiti cha kuni. Chakula kikiiva, mwenye nyumba husimama na upawa mkononi na kumwita kila aliyechangia kwa jina lake. Aliyeitwa hupewa bakuli. Hafukuzwi, hata kama jana alikuibia kuku.

"Deyanira!" Doña Ercilia aliita kutoka jikoni. "Nyama ya mbuzi umeiosha kwa danzi au kwa maji matupu?"

"Kwa danzi, Mama. Mara mbili."

"Ongeza ya tatu. Bibi Chea ana pua ya mbwa. Akisikia harufu ya beberu atasimamisha rozari."

Deyanira alitabasamu kidogo. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na Doña Ercilia sitini na nane. Walikuwa wamebaki wawili tu nyumbani. Usiku wa kwanza baada ya maziko walilala kitanda kimoja wameshikana mikono, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuuliza kama wataachana.

Saa tatu alisikia hatua alizokuwa akizisubiri tangu alfajiri.

Eligio alikuwa amesimama nje ya lango la mbao, kofia mkononi, mkungu wa ndizi begani. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye kovu lililoanzia sikioni na kupotelea ndani ya kola. Kovu hilo lilikuwa la usiku aliokufa Danilo. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha lori la ndizi kwenda sokoni, na Danilo alikuwa ameketi kando yake. Kwenye mteremko wa Azua, Eligio alisinzia.

Alipotoka hospitali alianza kuleta mkungu kila Jumamosi. Hakuomba kuingia. Doña Ercilia hakutoka kumwona. Kila Jumamosi alisema neno lile lile: "Mpe Nurys, nguruwe wake wale." Na kila Jumamosi Deyanira ndiye aliyekwenda langoni. Miezi mitatu ya kwanza hawakusema kitu. Mwezi wa nne Deyanira alimuuliza kama kidonda kinauma. Mwezi wa saba alijikuta akihesabu siku kuanzia Jumapili. Mwezi wa kumi, kando ya mfereji wa kumwagilia mashamba, alimshika mkono, na hakuuachia mpaka jua lilipozama.

"Leo umekuja mapema," Deyanira alisema.

"Leo nina safari."

"Ya wapi?"

"Higüey, mashariki, mbele ya mji mkuu. Wanajenga hoteli, wanataka watu. Lori la Moncho linaondoka saa kumi pale njia panda."

"Unarudi lini?"

Eligio aliutua mkungu taratibu, kana kwamba una mtoto ndani. "Usiniulize hilo."

"Nimeshakuuliza."

"Sirudi."

Deyanira alishika mti wa lango. Alimtazama machoni, na macho yale, ambayo kila Jumamosi yalimkimbia kwanza na kumrudia baadaye, leo hayakukimbia. Yalimkaa usoni kama ya mtu anayesoma barua ambayo hataruhusiwa kubaki nayo.

"Na mimi?" aliuliza.

"Twende wote."

"Leo? Nimwache Mama leo, Eligio? Siku ya mwanawe?"

"Nilijua utasema hivyo. Nilitaka niondoke bila kuaga. Nimefika njia panda mara mbili tangu asubuhi, miguu ikanirudisha huku."

"Basi ingia. Ingia umwambie mwenyewe."

"Siingii nyumba ya mama niliyempotezea mwana mpaka aniite." Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira. "Sikiliza. Akiniita leo, ninabaki. Nitalima pale pale, nitakungoja hata miaka mitano, nitakaa nje ya lango hili mpaka niote mizizi. Lakini leo ndiyo siku ya kufunga msiba. Asiponiita leo, ataniita lini?"

"Nani huyo langoni?" Doña Ercilia alipaza sauti.

Deyanira alijibu akiwa bado amemkazia macho Eligio. "Ni mkungu, Mama."

"Mpe Nurys."

Eligio alivaa kofia yake. "Unasikia?" alisema. "Mwaka mzima, na bado mimi ni mkungu." Akaondoka kuelekea barabara kuu. Hakugeuka, na Deyanira alijua kwamba hakugeuka kwa sababu hakuamini uso wake.

Aliuburuta mkungu hadi nyuma ya jiko, akaingia ndani. Doña Ercilia alikuwa akikata kuku. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye mikono ya haraka, na alikata bila kutazama kisu.

"Mama," Deyanira alianza, "leo tunafunga."

"Tunafunga."

"Kuna mtu anaondoka leo. Hatarudi. Ungemwita tu, hata kwa dakika moja..."

Kisu kilisimama.

"Unadhani mimi kipofu?" Doña Ercilia alisema. "Kila Jumamosi unachana nywele, unapaka mafuta, unavaa viatu vya kanisani, ili upokee ndizi. Ndizi zinakuona nini, Deyanira? Zina macho?"

"Sijafanya jambo la aibu."

"Sikusema umefanya. Nasema nimeona."

"Basi umeona pia kwamba nakufa."

"Hufi. Mimi nilidhani nitakufa, na tazama, nakata kuku." Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Mimi nimezaa mara moja tu. Mtoto wangu alichukuliwa, nimebaki na wewe. Sasa yule yule arudi akuchukue na wewe? Mwizi mmoja, nyumba moja, mara mbili? Hata Mungu ana haya, hawezi kuniomba hilo."

"Hakuiba, Mama. Alisinzia."

"Ungekuwa umemzaa Danilo, ungejua kwamba hakuna tofauti."

Deyanira alitoka uani.

Ndizi walizonunua kwa ajili ya siku hiyo zilikuwa ndani ya beseni: fupi, nyembamba, za miti mifupi ya kando ya barabara. Nyuma ya jiko ulikuwa mkungu wa Eligio, ndizi za mkono wa tembo, kila moja ndefu kama kiganja na nusu, zenye kingo kali na rangi ya kijani iliyokolea. Alizitazama kwa muda. Kisha alichukua beseni la ndizi fupi, akalisukuma nyuma ya gunia la mkaa.

Alijua vyema anachofanya. Mwenye kitu chunguni huitwa kwa jina. Sheria haikusema ni nani lazima akitie.

Alipaka mikono mafuta na chumvi ili utomvu usiishike. Alichana ganda kufuata kingo zake, akaingiza kidole gumba, akalivua ukanda kwa ukanda, na kuzitia ndizi katika maji ya chumvi zisiwe nyeusi. Ndizi ishirini. Nane alizikuna kwa ajili ya kuufanya mchuzi uwe mzito. Maganda aliyatupa kwenye ndoo. Alijikata mara mbili, na mara zote mbili hakuhisi maumivu.

Sufuria kubwa ilikuwa imeshachemka. Alitia mbuzi kwanza, kisha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, kisha kuku. Aliongeza muhogo wa jirani wa kulia, magimbi ya jirani wa kushoto, boga la Bibi Chea. Mwisho alimimina ndizi. Zilizama zote kwa pamoja, na povu likapanda na kuzifunika. Alikoroga kwa mwiko mrefu, polepole, huku midomo yake ikisema jina moja. Mtu angemwona angedhani anasali.

Saa sita watu walijaa. Bibi Chea, msalishaji wa mtaa, aliketi mbele ya picha ya Danilo na kuongoza rozari ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alikuwa na miaka themanini na sauti ya kengele iliyopasuka. Deyanira aliitikia kila "utuombee" akiwa na macho kwenye saa ya ukutani. Saa saba na nusu. Saa nane kasoro robo. Lori la Moncho lilikuwa linaondoka saa kumi.

Sala zilipokwisha, Doña Ercilia alivaa aproni safi na kusimama kando ya sufuria, upawa mkononi. Alifunua mfuniko, akaonja.

"Imekubali," alisema. Alionja tena, akakunja uso. "Ndizi nzuri sana hizi. Laini ndani, nje hazijavunjika. Hizi ndizo tulizonunua kwa yule mpunjaji wa barabarani?"

"Zimechemka vizuri," Deyanira alisema.

Wakati huo huo Nurys, jirani wa nyuma, alikuwa amekwenda kuchukua ndoo ya maganda kama alivyozoea. Alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti, asiyeweza kubeba neno kinywani hata kwa hatua kumi. Alirudi ameshika ganda moja refu kama utepe.

"Jamani, Doña Ercilia!" alisema kwa furaha. "Leo mmepika chakula cha nguruwe wangu! Maganda haya nayajua kuliko ninavyomjua mume wangu. Mwaka mzima nayamenya. Hizi ni ndizi za Eligio!"

Alipomaliza kucheka, aligundua kwamba alikuwa akicheka peke yake.

Doña Ercilia alimtazama Deyanira. Uso wa Deyanira ulikuwa umekwisha kumjibu.

"Umenipikia ndizi zake," Doña Ercilia alisema taratibu. "Siku ya mwanangu. Chungu cha mwanangu."

"Mama, nisamehe. Sikuwa na njia nyingine."

Doña Ercilia alitupa upawa, akashika masikio ya sufuria kwa pembe za aproni na kuivuta ili aimwage. Sufuria ilisogea kidole kimoja tu. Ilikuwa na chakula cha watu ishirini na watano. Alivuta tena, mchuzi ukamrukia kiganjani, akaguna. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia.

Bibi Chea alisema kutoka kwenye kiti chake, "Ercilia. Ukimwaga, umemwaga boga langu pia. Na magimbi ya huyu, na muhogo wa yule. Chungu si chako peke yako."

"Aliyemuua mwanangu yumo humu ndani!"

"Ndiyo. Na akishaingia hatoki. Ndizi ikishaiva huwezi kuirudisha mtini. Waite watu, mwanangu. Wote."

Doña Ercilia aliokota upawa, akaufuta, na kuanza kuita. Aliita jirani wa kulia. Aliita jirani wa kushoto. Alimwita Bibi Chea, alimwita Nurys, aliita hata mzee aliyeleta kijiti kimoja cha kuni. Kila bakuli lilijazwa, kila mmoja alipewa wali na kipande cha parachichi. Deyanira alihesabu majina kama mgonjwa anavyohesabu pumzi. Yalipokwisha, Doña Ercilia alitazama barabarani.

"Eligio Matos Féliz," alisema.

Kabla Deyanira hajamaliza kusema yuko njia panda, Nurys alishavua viatu. Alikimbia hadi njia panda, na saa nane na dakika arobaini Eligio aliingia langoni kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, begi dogo mgongoni. Alikuwa analia bila sauti. Alimtazama Deyanira mara moja, na katika kutazama huko kulikuwa na furaha kubwa hata Deyanira akainamisha kichwa, maana alijua ameijenga juu ya nini.

Doña Ercilia alimkabidhi bakuli. "Keti."

Aliketi.

"Kabla hujala, nijibu. Mwanangu aliogopa?"

Eligio aliweka kijiko chini. "Hapana, Doña Ercilia. Alikuwa anazungumza ili nisilale. Alikuwa ananihadithia mangú yako ya asubuhi. Alisema wewe unaponda ndizi kwa maji yale yale ya moto zilizochemkia, ndiyo maana haina mabonge. Alisema unaweka vitunguu vingi mpaka yeye analia akila."

"Kisha?"

"Kisha aliniambia nisimame. Alisema, 'Eligio, macho yako yanafunga. Simama tulale saa moja.' Nikamwambia tumekaribia. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Hata Deyanira. Aliniambia nisimame, na mimi nikasema tumekaribia."

Deyanira aliziba mdomo kwa mkono. Aliyajua mengi juu ya mtu huyo, hilo hakulijua, na bado moyo wake ulikwenda kwake kama maji yanavyokwenda bondeni. Hapo ndipo alipouogopa moyo wake kwa mara ya kwanza.

"Kula," Doña Ercilia alisema.

Alikula. Kila kijiko kilimchukua muda, lakini alimaliza, akaweka bakuli chini, akasimama mbele yake.

"Doña Ercilia, ni wewe uliyeniita?"

"Nani kakwambia?"

"Nurys alisema umeita jina langu. Nataka kulisikia kwako."

"Chungu ndicho kimekuita. Ndizi zako zilikuwamo." Alimwonyesha Deyanira kwa kidevu. "Huyu alizitia. Kwa siri. Mimi sijakuita. Labda ningekuita mwakani. Labda kamwe. Mmeninyang'anya hata nafasi ya kujua."

Eligio aligeuka. "Ni kweli?"

"Nilikuwa nakupoteza," Deyanira alisema. "Ulisema akikuita utabaki. Nifanye nini? Niketi nimenye magimbi, saa zinakwenda?"

"Nilisema akiniita yeye."

"Ameita! Watu wote wamesikia!"

"Deyanira." Alimsogelea, akainua mkono kumgusa shavu, mkono ukabaki hewani. "Nimemchukulia mwana wakati akiniamini barabarani. Leo nimeingia kwake kwa mlango wa nyuma na kumlia matanga. Siwezi kumchukua na wewe. Nikibaki, kila asubuhi nitajua sikuitwa."

"Na mimi, kila asubuhi nitajua nini?"

Eligio alimwinamia Doña Ercilia, akavaa kofia, akatoka. Ilikuwa saa tisa na robo.

Majirani walianza kuondoka mmoja mmoja, wakiweka mabakuli chini bila kugonganisha. Deyanira aliketi kwenye kigogo cha kupasulia kuni. Machozi yalikuwa hayaji.

"Ungeniomba," Doña Ercilia alisema.

"Nilikuomba, Mama. Jikoni. Ulishika kisu ukasema mwizi."

"Uliniomba kabla sijajua kwamba Danilo alimwambia asimame." Alikung'uta mikono isiyo na kitu. "Mwanangu alikuwa na akili. Alimwambia asimame. Mwaka mzima nilidhani walikuwa walevi wawili, na sikutaka kuuliza."

"Hawakuwa walevi."

"Nimesikia." Alinyanyuka kwa shida. "Nenda kavue hizo nguo nyeusi."

"Bado si jioni."

"Nenda. Ukitoka kwa mlango wa mbele, mimi nitakuwa jikoni, sitakuona. Usije kuniaga. Nimeshaagana na mmoja sandukuni, siwezi tena."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Nimekuuliza lolote?" Doña Ercilia alisema kwa ukali, na sauti ikavunjika katikati. "Kavue nguo."

Mambo yaliyofuata yalikuwa haya. Bibi Chea alizima mishumaa mbele ya picha, akaenda kulala. Nurys hakuwapelekea nguruwe yale maganda. Aliyafukia shimoni nyuma ya nyumba yake, na kwa siku mbili hakusema na mtu. Eligio alipanda lori la Moncho saa kumi kamili, akamwomba dereva angoje dakika kumi. Dereva alingoja tano. Doña Ercilia alijaza bakuli moja lililobaki, akalifunika kwa sahani, akaliweka mezani mahali pa Deyanira, akaketi mkabala nalo. Deyanira alifika njia panda saa kumi na dakika nane, amevaa gauni la manjano na ndara za ndani, bila begi. Barabara ilikuwa tupu hadi kwenye kona. Alisimama pale mpaka basi la kwenda mji mkuu lilipotokea, akainua mkono, akapanda, na alipoulizwa anashuka wapi, alisema mwisho wa njia.